Somo: Masizi kwanza, vifaa vya bei baadaye. Kupima wimbi la mshtuko likikutana na tabaka mpaka

Wakuu, wengi wakianza kazi ya handaki la upepo hukimbilia shlireni (njia ya kupiga picha mabadiliko ya msongamano wa hewa kwa mwanga), maana picha zake zinavutia. Lakini mkisimamisha pezi (kibati wima) juu ya bapa (sahani tambarare), picha ya ubavuni itawadanganya: mwanga unapita upana wote wa handaki na kurundika pamoja kila ulichokutana nacho njiani. Wimbi la mshtuko la pezi, yaani mpaka mkali ambapo kanieneo hupanda ghafla, hugongana na tabaka mpaka, ile hewa nyembamba iliyopunguzwa kasi na bapa. Mgongano huo wa pande tatu husomwa sakafuni, juu ya bapa lenyewe.

Tuchukue Mach 3 (mara tatu ya kasi ya sauti), pezi lenye makali mbele, limegeuzwa nyuzi 15 kutoka mwelekeo wa hewa.

1. Piga hesabu kabla ya kugusa vali. Tukisahau mnato, wimbi litalala kwenye nyuzi 32.2 na kanieneo itapanda mara 2.8. Sasa zidisha namba ya Mach kwa pembe ya pezi katika radiani. Mtafiti Korkegi alionyesha kwamba ikifika 0.3 hivi, tabaka mpaka lenye msukosuko huanza kubanduka kutoka kwenye bapa. Kwa Mach 3 hizo ni nyuzi 5.7 tu. Sisi tuko 0.79.

2. Pima unene wa tabaka mpaka kwa mirija ya pito (inayopima kanieneo ya hewa inayoingia mdomoni mwake), pezi likiwa bado mezani.

3. Funga pezi, ziba mwanya wote chini yake. Hewa ikivuja hapo, unapima kitu kingine.

4. Changanya masizi laini na mafuta ya taa, paka mkanda mwembamba mbele ya pezi, endesha. Hewa inayakokota mafuta, yanachora mistari, kisha yanakauka. Bandika selotepu pana, ibandue taratibu, ilaze juu ya karatasi nyeupe: una ramani ya ukubwa halisi ambayo hakuna lenzi iliyoipinda. Mtafiti Gary Settles na wenzake waliitumia sana mbinu hii miaka ya 1980. Mara yangu ya kwanza nilimimina mafuta kama ya kukaanga maandazi. Hayakukauka, na handaki lilipozimwa, wimbi likayafagia yote. Nikabaki na bapa jeusi na mikono myeusi.

5. Mistari inapojikusanya kama nywele kwenye njia ya msuko, hapo ndipo mbanduko. Inapoachana, karibu na pezi, hewa inarudi kugusa bapa. Weka rula: ukitoka mbali kidogo na ncha, mistari hiyo mikuu imenyooka na yote inaelekea nukta moja. Kwa hiyo pima pembe, usihangaike na urefu.

6. Sasa ndiyo utoboe matundu ya kanieneo, kwenye tao linalozunguka nukta hiyo.

MASWALI

– Mkuu, kwangu kanieneo inapanda kabla ya mstari wa mbanduko. Tundu bovu?

Hapana. Ukutani kabisa hewa iko chini ya kasi ya sauti, hivyo habari za pezi zinapenya kwenda mbele. Weka alama hapo pia.

– Naweza kutumia hewa ya kompresa moja kwa moja?

Ikaushe kwanza. Hewa ya nyuzi 20 ikifika Mach 3 hushuka mpaka nyuzi 168 hivi chini ya sifuri. Unyevu wote unaganda.

– Haya yanamsaidia nani nje ya maabara?

Tarehe 3 Oktoba 1967, rubani Pete Knight alirusha ndege ya roketi X-15 mpaka Mach 6.7 huko Marekani, chini imefungwa injini ya mfano. Mawimbi ya injini ile yaligonga pezi lililoibeba. Ndege ilitua na matundu yaliyoungua kwenye chuma.