Somo: Kupandisha alama za sehemu ya mantiki kwenye LSAT

Tangu Agosti 2024, mtihani wa LSAT, ule wa kuingilia vyuo vya sheria, hauna tena ile sehemu ya michezo ya mantiki, yaani mafumbo ya kupanga watu au vitu kwa masharti. Zinazohesabiwa sasa ni sehemu tatu, mbili za hoja za kimantiki na moja ya ufahamu, kila moja dakika 35. Ya nne ni ya majaribio: haihesabiwi, na hutaambiwa ni ipi. Kwa hiyo anayetaka kusomea sheria Marekani au Kanada ajue kwamba karibu theluthi mbili ya maswali yanayompa alama, kwenye kipimo cha 120 hadi 180, ni hoja fupi za sentensi chache. Bahati nzuri ni ujuzi unaofundishika.

Hatua ya 1: Lishike hitimisho. Soma swali lenyewe kwanza ujue unatakiwa kufanya nini, kisha rudi kwenye hoja ujiulize: mwandishi anataka nikubali jambo gani? Usidhani hitimisho hukaa mwishoni. Mara nyingi hujificha katikati, au hutangulia na sababu zikafuata. Ukilikosa, kila utakachofanya baada ya hapo kitakuwa cha kubahatisha.

Hatua ya 2: Tafuta pengo kabla ya kutazama majibu. Hapa ndipo alama zilipo, na hapa ndipo wengi hawatulii. Chukua hoja hii:

*Mwaka jana maktaba iliongeza saa za kufunguliwa, na vitabu vilivyoazimwa vikaongezeka. Kwa hiyo saa hizo za ziada zimewafanya watu wasome zaidi.*

Ushahidi unazungumzia kuazima; hitimisho linazungumzia kusoma. Hilo ni pengo la kwanza. La pili: mambo mawili yametokea pamoja, mwandishi akalifanya moja kuwa chanzo cha jingine. Je, kama maktaba ilinunua vitabu vipya mwaka huohuo? Ukishayaona mapengo haya kwa maneno yako mwenyewe, majibu matano hayakuyumbishi tena.

Tuseme umeulizwa hoja inategemea dhana gani, yaani jambo ambalo mwandishi hakulisema ila amelichukulia kuwa kweli, na umebakiwa na majibu mawili:

(A) Watu wasiokuwa wakisoma kabisa sasa wanasoma kila siku.
(B) Ongezeko halikutokana tu na watu kuazima vitabu ambavyo zamani wangevinunua na kuvisoma.

Kanusha kila moja. Ukikanusha A, hoja bado inasimama, maana watu wanaweza kusoma zaidi bila kusoma kila siku. Ukikanusha B, kusoma hakujaongezeka, vitabu vimebadilisha njia tu, na hoja inaanguka. Jibu ni B.

Hatua ya 3: Jua unatakiwa kukosoa au kukubali. Maswali ya kudhoofisha hoja, kuiimarisha, kutaja kosa lake au dhana yake yanakutaka uitilie shaka. Maswali ya kipi kinafuata kutokana na maelezo yanakutaka uyakubali yote kama yalivyo, na jibu lake huwa la kiasi: "baadhi", "huenda", "si wote". Lakini ukiulizwa ni kipi *kikiwa kweli* kitaidhoofisha hoja, usiogope jibu lenye nguvu. Kadiri linavyogonga, ndivyo linavyofaa.

Hatua ya 4: Kauli za masharti. "Kila mwenye leseni alifaulu" maana yake asiyefaulu hana leseni. Haina maana kwamba kila aliyefaulu anayo. "Mkutano hautafanyika isipokuwa mwenyekiti awepo" inasema tu kwamba ukifanyika, mwenyekiti yupo. Anaweza kuwepo na mkutano usifanyike. Zifanyie mazoezi mpaka uzione bila kuandika.

Hatua ya 5: Sahihisha mara mbili. Unapofanya jaribio, weka alama kwenye kila swali lenye shaka. Muda ukiisha, *usifungue majibu sahihi*. Rudia maswali hayo bila saa, uamue upya, ndipo uangalie. Ulilokosa kwa haraka ukalipata kwa utulivu lina tiba yake, nayo ni mwendo. Ulilokosa mara zote mbili ni la uelewa, na hilo liandike daftarini: jibu baya lilikuvutia kwa nini, na neno gani lilitosha kulikataa. Kuandika "sikuwa makini" hakukusaidii kitu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, muda unaniishia nikiwa na maswali saba hivi mbele yangu. Nifanyeje?*

Kila swali lina uzito sawa, na jibu baya halikatwi alama. Kwa hiyo ruka lile linalokung'ang'ania, chukua mepesi yaliyo mbele, na usiache hata moja tupu. Maswali ni kama 25, wastani wa sekunde 84 kila moja, ila ya mwanzoni kwa kawaida ni rahisi na hayahitaji zote. Na kama bado unakosa mengi hata bila saa, weka saa pembeni kwanza. Kasi huja baada ya uelewa.

*Mimi kila mara nabaki na majibu mawili, nachagua lisilo sahihi.*

Acha kutafuta lililo zuri zaidi. Tafuta neno moja linaloliharibu mojawapo: "wote" pale hoja iliposema "wengi", au jambo ambalo hoja haikuligusa.

*Majaribio ya kabla ya 2024 bado yanafaa?*

Yanafaa sana. Hoja za kimantiki hazikubadilika. Kilichoondoka ni michezo. Kwenye tovuti ya LawHub, ambayo ni ya LSAC wenyewe wanaotunga mtihani, utapata majaribio yaliyopangwa kwa mfumo mpya, na machache ni ya bure.

*Ile njia ya kukanusha niitumie kwenye kila swali la dhana?*

Hapana. Itumie pale unapoulizwa dhana ambayo hoja *inaihitaji*. Ukiulizwa dhana *inayotosha* kuithibitisha hoja, fanya kinyume: ongeza jibu kwenye ushahidi, uone kama hitimisho linalazimika kuwa kweli.