Monita ya gemu kwa bei nafuu: hezi kwanza, inchi baadaye

Kama mfuko ni mdogo, usikimbilie ukubwa. Inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 inatosha, tena haiibebeshi kadi ya picha mzigo isiouweza. Pikseli hizohizo ukizitandaza kwenye inchi 27, ukikaa karibu unaanza kuona chengachenga.

Pesa inayobaki ipeleke kwenye hezi, yaani mara ngapi skrini inabadilisha picha kwa sekunde. Kutoka 60 kwenda 144 tofauti unaiona papo hapo, hasa gemu za risasi. Kutoka 144 kwenda 240 ni wachache wanaoihisi. Ila anayechezea PS4 tu asijisumbue, mashine hiyo haivuki fremu (picha) 60 kwa sekunde.

Monita za mtumba zilizotoka maofisini nyingi ni za hezi 60. Kwa gemu za mpira hazina shida. Kabla hujalipa, iwashwe mbele yako: weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, utafute nukta zilizokufa na mwanga unaovuja pembeni. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kuhusu paneli, yaani aina ya kioo cha monita, mimi ningechukua IPS. Aina nyingine, VA, ina weusi mzuri, lakini za bei ya chini huacha kivuli vitu vikikimbia gizani. Na ile “1 ms” ya kwenye boksi (milisekunde ambazo nukta huchukua kubadilika rangi) ni tangazo zaidi kuliko kipimo.

Ukishaifunga, tumia waya wa DisplayPort kama kadi yako ina tundu lake, kisha ingia mipangilio ya Windows upandishe hezi mwenyewe. Mara nyingi huanzia 60, na wengi hawagundui.