Kuipa Windows XP kadi halisi ya michoro ndani ya mashine pepe

Kwa anayetumia Linux na kutaka kucheza michezo ya zamani ndani ya Windows XP kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta halisi), kadi ya michoro ya GeForce GTX 750 Ti ya mwaka 2014 inafaa, kwa kuwa NVIDIA iliitolea draiva (programu za kuendeshea kifaa) za mfumo huo, ilhali kadi za leo hazina. Linux yenyewe ibaki na kadi nyingine ya kuonyeshea.

Washa VT-d, uwezo wa kuikabidhi mashine pepe kifaa halisi, katika mipangilio ya BIOS (programu ya kuwashia kompyuta), kisha, kwa prosesa ya Intel, ongeza intel_iommu=on kwenye vigezo vya kerneli, yaani kiini cha Linux. Amri ya lspci -nn itakuonyesha namba za utambulisho za kadi na za kifaa chake cha sauti. Vikabidhi vyote viwili kwa vfio-pci, draiva ya Linux inayotenga kifaa kwa ajili ya mashine pepe, kabla draiva ya kawaida haijavishika.

Penye mtego zaidi ni hapa: XP ya kawaida haiwaki kwa UEFI (mrithi wa BIOS), hivyo mashine pepe ya QEMU, programu ya kuendeshea mashine pepe, itumie SeaBIOS (BIOS ya mashine pepe) na aina ya i440FX (ubao mama wa zamani wa kuigizwa), pamoja na diski ya IDE, muunganisho wa zamani ambao XP huitambua bila draiva ya ziada. Draiva ya NVIDIA ikigoma kwa kosa namba 43, ifiche KVM (sehemu ya kerneli inayoendesha mashine pepe) kwa kuongeza kvm=off kwenye kigezo cha -cpu cha QEMU. Intaneti usiiunganishe kabisa, maana Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo huu tarehe 8 Aprili 2014.