Kibao cha mbwa mkali getini kwako

Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi mtaani kwetu Naalya, Kampala. Mwaka jana kijana anayetuletea maziwa aling'atwa shavu la mguu mbele ya geti lenye kibao. Kibao kilikuwapo, ila maua yalikuwa yamekifunika. Tangu hapo nalichukulia jambo hili kwa uzito.

Anza na kanuni za mtaa. Kama unakaa kwenye fleti zilizosajiliwa chini ya Sheria ya Kondominiamu ya 2001, ile ya Uganda ya kumiliki fleti mojamoja ndani ya jengo, geti si lako peke yako. Omba ruhusa kwa barua na ubaki na nakala.

Bati la sentimita 30 kwa 40 latosha, na mafundi wa chuma wa Katwe, hapa Kampala, watakukatia. Paka rangi ya mafuta, nyeupe kwanza, kisha herufi nyekundu. Andika "Embwa enkambwe" juu kwa Kiganda, "Mbwa mkali" chini yake. Askari aliyetoka Arua huenda hajui Kiganda, na si kila bodaboda anasoma Kiswahili. Chora na kichwa cha mbwa, kwa ajili ya watoto wasiojua kusoma bado.

Kifunge kando ya kengele, pale mkono unapofika kabla ya mtu kusukuma geti. Tumia skrubu, maana misumari hulegea na kushika kutu mvua za Machi zikianza. Kata matawi kila mwezi.

Usiandike onyo moja kwa moja ukutani, kama wanavyopaka "Ardhi hii haiuzwi"; kamati yetu haiyaruhusu maandishi hayo, weka bati.

Na mbwa mfunge mchana, hata kibao kikiwapo.