SACD, DVD-Audio na Blu-ray ya muziki: kukagua homu thieta toka diski hadi spika

Ukiweka SACD (Super Audio CD, diski ya muziki yenye ubora wa juu kuliko CD) kwenye homu thieta na muziki ukatoka, usishangilie bado. Huenda unachosikia ni CD ya kawaida. SACD nyingi zina matabaka mawili: moja la DSD, mfumo wa kurekodi sauti kwa biti 1 inayosomwa mara milioni 2.8224 kwa sekunde, na jingine la CD lenye biti 16 na kHz 44.1. Deki isiyojua DSD husoma tabaka la CD na kuendelea kana kwamba mambo yako sawa.

Kwa hiyo anza na nembo iliyo mbele ya deki. Iwe imeandikwa "Super Audio CD" kwa SACD, au "DVD Audio" kwa DVD-Audio, yaani DVD ya muziki wa ubora wa juu. Nembo ya "DVD Video" peke yake haitoshi: deki hiyo itacheza sehemu ya video ya DVD-Audio tu, yenye sauti kama Dolby Digital au DTS, ikiwa diski inayo. Blu-ray ya muziki haina usumbufu huo, deki yoyote ya Blu-ray inaicheza.

Wengi hukwama kwenye waya. Waya wa mwanga, ule wenye taa nyekundu kwenye ncha, hauchukui DSD wala PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa) ya njia 5.1, yaani spika tano na sabufa, hata ukinunua wa bei mbaya. Uliundwa kwa stereo, au Dolby Digital na DTS zilizobanwa. Tumia HDMI: toleo 1.1 kwenda juu kwa DVD-Audio, na 1.2 kwenda juu kwa DSD. Chomeka deki kwenye risiva (mashine inayopokea sauti na kuendesha spika) kwanza, kisha risiva kwenye TV. Ukipitia TV na kurudisha sauti kwenye risiva kwa ARC, njia ya HDMI ya kurudisha sauti, PCM ya 5.1 itapungua kuwa stereo. Inayoweza kuipitisha ni eARC, toleo lake lililoboreshwa.

Kama risiva ni ya zamani na haina HDMI, tafuta nyuma yake matundu sita yaliyoandikwa "Multi Ch In" au "Ext In", halafu uunge nyaya sita za RCA: mbele kushoto na kulia, katikati, nyuma kushoto na kulia, na sabufa. Hapa kuna mtego. Kwenye risiva nyingi njia hii hairekebishi chochote, kwa hiyo ukubwa wa spika na umbali wake vinawekwa kwenye menyu ya deki. Spika zikiwa ndogo, chagua "Small", la sivyo zitalazimishwa kutoa besi zisiyoiweza. Besi ya sabufa nayo mara nyingi hutoka dhaifu kwa takriban desibeli 10. Ipandishe kwenye risiva kwa njia hiyo tu, usiguse nyingine.

Kwenye menyu ya deki, chagua eneo la SACD la "Multi" badala ya "CD" au "2 Ch". Upande wa HDMI, ruhusu DSD ikiwa risiva inaipokea. Kama haipokei, chagua PCM. Kwa Blu-ray, zima sauti ya ziada ya menyu na maelezo, kwa sababu ikiwashwa deki huchanganya sauti na kuacha kutuma Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio (sauti zilizobanwa bila kupoteza ubora) kama ilivyo.

Kama umetumia HDMI, sasa bonyeza "Info" au "Display" kwenye rimoti ya risiva diski ikicheza. SACD ikionyesha DSD, au PCM ya kHz 88.2 au 176.4, umefika. Ikionyesha 44.1, ni tabaka la CD: rudi kwenye menyu ya deki. DVD-Audio ya njia 5.1 hufika hadi kHz 96, na stereo hadi 192. Ukiona 48 pamoja na neno Dolby, unacheza sehemu ya video, hivyo kagua nembo na waya.

Kukiwa kimya kabisa wakati sekunde za diski zinasonga, kwa kawaida deki inatuma DSD kwa risiva isiyoielewa. Badili iwe PCM. Risiva nyingine huigeuza DSD kuwa PCM zenyewe ili zirekebishe besi na umbali wa spika. Hilo si hitilafu, na kwa chumba chenye spika ndogo ni afadhali liachwe hivyo.