Ĩ na ũ zinakubali kwa programu moja, kwa ingine zinakataa: jinsi ya kurekebisha kibodi kwa Linux

Kama unachapa Kikuyu, Kikamba ama Kiembu kwa Linux hii shida unaijua. Kwa Text Editor ya GNOME (GNOME na KDE ni desktop za Linux) unapata ĩ safi kabisa, unafungua programu ingine umedownload yenyewe inakupa i tupu, ama haitoi kitu. Kibodi si mbovu, usinunue ingine. Programu nyingi za Linux zimejengwa kwa GTK ama Qt (vifaa vya kutengeneza madirisha na vitufe vya programu), na kila moja ina njia yake ya kupokea herufi zenye umeunganisha, sasa mashine ikiiambia ipitie njia yenye haipo hiyo alama inaweza kupotea. Na i si ĩ, ni vokali mbili tofauti, kwa hivyo ile tabia ya "wacha tu wataelewa" mimi siikubali.

Hatua ya 1: weka kitufe cha Compose (cha kuunganisha alama na herufi)

GNOME: Settings, Keyboard, Compose Key, chagua Right Alt. KDE: System Settings, Keyboard, halafu tafuta pale pameandikwa Position of Compose key. Sasa bonyeza Compose uachilie, kisha ~ kisha i, unapata ĩ. Ukimaliza na u unapata ũ, na kwa herufi kubwa unashika Shift ukibonyeza hiyo I ama U ya mwisho. Hakuna kitu cha kuinstall.

Hatua ya 2: jua uko kwa X11 ama Wayland (mifumo miwili ya Linux ya kuonyesha madirisha, X11 ndio ya zamani)

Fungua teminali uandike:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Fedora ilihamia Wayland na toleo la 25 mwaka wa 2016, Ubuntu ikairudia na 21.04, so kama mashine yako si ya zamani sana pengine uko Wayland. Hii ni muhimu juu maelekezo mengi ya zamani yanakuambia utumie amri ya setxkbmap, na hiyo ni ya X11, programu za Wayland zenyewe haziisikii.

Hatua ya 3: angalia mabaki ya settingi za zamani

Hapa ndipo shida nyingi ziko, usiharakishe.

`env | grep -E 'IM_MODULE|XMODIFIERS'`

Ukiona kitu kama QT_IM_MODULE=fcitx na hujawahi weka Fcitx (programu ya kuingiza herufi za lugha kama Kichina, IBus ni ingine kama hiyo) kwa hiyo mashine, ama uliitoa kitambo, umepata mwizi. Qt ikiachwa bila kuambiwa chochote inaelewa ~ na i yenyewe, na njia yake ya kufanya hivyo inaitwa compose. Lakini ukiiandikia fcitx inaenda kutafuta fcitx kwanza, na kama haifanyi kazi kuunganisha herufi kunaweza kuharibika. Ndio maana mtu akitoka GNOME akaenda KDE na settingi zake za zamani anaona ni kama KDE imeharibika na si hivyo. GTK nayo angalia kama kuna GTK_IM_MODULE=xim, hiyo ni njia ya enzi za X11 na GTK4 iliitoa kabisa.

Mabaki yanakaa wapi? Angalia /etc/environment, ~/.profile, ~/.xprofile, na kwa Debian na Ubuntu pia ~/.xinputrc. Ukipata hiyo laini weka # mbele yake, sevu, logauti kisha uingie tena. Kufunga teminali tu haitoshi.

Lakini kama unachapa pia Kiamhari ama Kichina, hizo zinahitaji IBus ama Fcitx kweli. Chagua moja, si zote mbili. GNOME inakuja na IBus yake, iache. Kwa KDE ya Wayland weka Fcitx 5 halafu uiwashe kutoka System Settings kwa Virtual Keyboard, usiiandikie tena kwa ~/.profile. Kiarabu cha madrasa hakihitaji haya yote, ni kuongeza leyauti (mpangilio wa kibodi) tu.

Hatua ya 4: programu kaidi

AppImage (programu nzima kwa faili moja) ya Qt hubeba Qt yake ndani na mara nyingi fcitx haimo. Ianzishe hivi:

`QT_IM_MODULE=compose ./programu.AppImage`

LibreOffice ikikataa, enda Help, About, usome pale pameandikwa VCL. Ikiwa ni gen ama x11 imekosa kiungo cha GTK, kwa Ubuntu ni `sudo apt install libreoffice-gtk3`, ifunge na uifungue.

Hatua ya 5: herufi ile ile, namba tofauti

Hii inasumbua watu wenye wanachapa kitabu pamoja, mmoja Windows mwingine Linux. ĩ inaweza kuwa herufi moja, U+0129 (namba yake ya Unicode, orodha ya herufi zote za kompyuta), ama ikawa i ya kawaida imebandikwa alama ya U+0303 juu. Kwa macho ni sawa, lakini ukitafuta Gĩkũyũ kwa faili nusu haionekani. Kwa LibreOffice weka kasa mara tu baada ya hiyo herufi ubonyeze Alt+X: ukiona 0129 iko sawa, ukiona 0303 imetokea ni ile ya kubandika. Bonyeza tena irudi. Kurekebisha, fungua Find and Replace, weka tiki kwa Regular expressions na Match case, tafuta `i\u0303` ubadilishe na ĩ, halafu ufanye vivyo hivyo kwa u, I na U. Sevu kopi kwanza kabla ya kubonyeza Replace All.