Kuigeuza gari ya mizigo iwe ya familia

Anza na sakafu, si viti. Ng'oa zulia na mbao zote, kisha gonga bati kwa bisibisi. Hapa Unguja hewa ya chumvi hula bodi kwa chini. Palipooza kwa kutu pakatwe, pachomelewe bati jipya. Kiraka cha gundi hakibebi kiti.

Lala chini ya gari uone tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya vilipopita. Ndipo utoboe. Kila mguu wa kiti upate boliti ya milimita 10, daraja la nguvu 8.8, na chini ya bati liwekwe bamba la chuma la unene wa milimita 3, upana wa kiganja. Wosha, yaani pete ya chuma ya boliti, peke yake haitoshi: gari ikigonga, boliti hupasua bati na kiti kikang'oka na watoto waliokikalia. Fagia chenga zote za chuma, maana huota kutu upesi, na kingo za tundu zipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kukaza.

Mikanda iwe ya pembe 3, inayopita begani na kiunoni, ncha ya juu imefungwa kwenye nguzo ya bodi, kamwe si kwenye bati tupu. Madirisha yawe ya kufunguka. Ukiyakata usiguse nguzo. Badilisha matumizi kwenye kadi ya gari na bima kabla ya kupakia familia.